Mnazi, Wanazi na Unazi: Neno la Kijerumani katika Nchi ya Minazi

Sentensi mbili zinatosha kuonyesha ugumu wa neno hili. Ya kwanza: “Mnazi wa Kibiti umeanguka.” Ya pili: “Mnazi wa Kibiti ameanguka.” Tofauti ni irabu moja tu mwanzoni mwa kitenzi, lakini irabu hiyo hubadili kila kitu. Katika sentensi ya kwanza upepo umeungʼoa mti, na mwenye shamba amepoteza nazi, makuti na pengine tembo. Katika ya pili ameanguka mtu: shabiki wa kupindukia wa timu ya mpira au wa chama cha siasa, na kuanguka kwenyewe kwaweza kuwa kwa mwili au kwa kura.

Mzungumzaji aliyekulia katika lugha hapati tabu na jambo hili. Tabu huwapata mwanafunzi, mfasiri na mashine ya kutafsiri, hasa wanapokutana na maana ya tatu, ambayo kwa mpangilio wa historia ndiyo iliyoizaa ile ya pili: Mnazi, yaani mfuasi wa chama cha Adolf Hitler kilichoitawala Ujerumani kuanzia 1933 hadi 1945.

Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika Mkoa wa Pwani, ni mahali pafaapo kulipimia neno hili. Huko minazi ni sehemu ya maisha ya kila siku, na huko pia Wajerumani waliacha alama ambazo hazijafutika.

Nazi ya shambani

Anayeifuata Barabara ya Kilwa kutoka Dar es Salaam hukutana na minazi na mikorosho muda mrefu kabla ya kufika Kibiti. Akiacha lami na kuelekea Nyamisati, bandari ndogo ya kuvukia kwenda Mafia, ataingia katika delta yenyewe, ambako Mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya mikoko, ambayo haipendi jirani. Minazi husimama pale ardhi inapoinuka kidogo, karibu na nyumba na mashamba ya mpunga.

Msamiati wa mti huu ni mpana kuliko kamusi nyingi za shule zinavyoonyesha. Tunda halianzi kuitwa nazi. Likiwa changa sana ni kidaka, kisha kitale; likijaa maji matamu ni dafu; likianza kukomaa ni koroma; likikomaa kabisa ndipo linapopata jina la nazi. Likiharibika ndani na kuwa kama sifongo huitwa joya. Nyama yake ikikaushwa ni mbata, ikikunwa kwa mbuzi na kukamuliwa hutoa tui, na makapi yanayobaki ni chicha. Ganda gumu ni kifuu, na maganda ya nje yenye nyuzi ni makumbi. Anayepanda mti kugema tembo ni mgema, ambaye methali imemwonya watu wasimsifu mno. Katika pwani yote ya Waswahili mnazi umekuwa mali inayoweza kurithishwa na kuuzwa mbali na ardhi uliposimama, na hadi leo katika hati za fidia, barabara au bomba linapopita shambani, minazi huhesabiwa mmoja mmoja.

Orodha hii ina kazi yake hapa. Lugha yenye hazina kama hiyo kuhusu mti mmoja haiwezi kulipokea neno geni linalofanana kabisa na jina la tunda lake bila kulazimika kufanya uamuzi wa kisarufi. Kiswahili kilifanya uamuzi huo, na kiliufanya vizuri.

Wajerumani wa Rufiji

Maneno ya Kijerumani katika Kiswahili ni machache mno ukilinganisha na ya Kiarabu, Kihindi, Kireno au Kiingereza. Utawala wa Wajerumani katika Tanganyika ulidumu takriban miaka 30, na watawala hao walichagua kuwaongoza watu kwa Kiswahili badala ya Kijerumani. Walipitia kwa maakida, maliwali na majumbe, vyeo ambavyo havikutoka Ujerumani. Kwa hiyo lugha ilipata maneno mawili matatu tu yaliyodumu, na yote ni ya mambo ya kawaida. Shule ni “Schule”, na kwa sababu Zanzibar haikutawaliwa na Wajerumani, huko neno la kawaida limebaki kuwa skuli, lenye asili ya Kiingereza. Hela ni “Heller”, sarafu ndogo iliyoanza kutumika 1904, ambapo heller 100 zilifanya rupia moja. Sarafu yenyewe ilikwisha zamani. Jina likapanda cheo na kuwa fedha yoyote.

Rufiji iliujua utawala huo kwa karibu zaidi kuliko inavyoweza kusomwa katika maneno mawili hayo. Kinjikitile Ngwale alitoa maji yake Ngarambe, akanyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa vinaanza. Miaka kumi baadaye, katika mikondo ya delta, meli ya kivita “Königsberg” ilijificha kutoka kwa Waingereza kwa miezi kadhaa, hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi iliopolewa na kukokotwa bara, ikaendelea kupiga katika vita vya nchi kavu.

Mtu angetarajia kwamba neno la kisiasa la Kijerumani lingeingia Kiswahili kwa njia hiyo, kwa mikono ya waliotawala na kupigana hapa. Haikuwa hivyo. Neno hili liliingia Wajerumani walipokuwa hawatawali tena, na kwa kinywa cha Waingereza.

Asili yake

Mwaka 1920 chama kidogo cha mjini München kilijipa jina refu: “Nationalsozialistische Deutsche Arbeiterpartei”. Silabi mbili za kwanza za neno “Nationalsozialist”, katika matamshi ya Kijerumani, husikika “natsi”, na hapo ndipo kifupisho “Nazi” kilipotoka. Kulikuwa na mfano wa kufuata: Wajerumani walikwisha kuzoea kuwaita wasoshalisti “Sozi”. Mwenzake akawa Nazi.

Kuna jambo la pembeni ambalo huwafurahisha wanaofuatilia asili za maneno. Kabla ya chama hicho kuwapo, “Nazi” lilikuwa tayari neno la Bavaria na Austria. Lilikuwa ufupisho wa jina la ubatizo Ignaz, ambalo Wakatoliki wa Tanzania hulijua kama Ignasi au Inyasi, na kwa kuwa lilikuwa jina la kawaida la wakulima, liligeuka kuwa dhihaka: mshamba, mzito wa akili. Wapinzani wa Hitler waliolitumia walijua fika harufu iliyokuwamo. Wenye chama, kwa upande wao, walipendelea kujiita kwa jina kamili, wanasoshalisti wa taifa. Joseph Goebbels alijaribu kulichezea neno hilo katika kijitabu cha miaka ya 1920, lakini kwa jumla lilibaki kuwa jina la kuitwa kuliko jina la kujiita. Waliokimbia Ujerumani walilibeba, magazeti ya Kiingereza yakalipokea, na kutoka hapo likaenea duniani.

Hili lina maana kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Neno ambalo kwao lilianza kama jina la kubandikwa na mpinzani limefika pwani ya Afrika Mashariki na kuanza kazi ileile upya. Hata hapa, kama itakavyoonekana, mtu humwita mwenzake mnazi mara nyingi kuliko anavyojiita mwenyewe.

Njia ya kuingia

Matamshi yanaonyesha mlango. Kama neno lingepokewa kwa sikio kutoka kwa Wajerumani, lingetarajiwa kubaki na alama fulani ya sauti “ts”. Kiswahili Sanifu kina z ya zawadi na zulia, na neno limekuja na z hiyohiyo. Hii inaashiria kwamba lilipokewa kwa jicho, kutoka katika maandishi, na kusomwa kama Mswahili anavyosoma herufi zake. Matokeo ni kwamba liliangukia moja kwa moja juu ya nazi ya shambani: herufi nne zilezile, mkazo uleule katika silabi ya kwanza.

Wanazi halisi hawakuwa mbali. Waingereza waliwaruhusu Wajerumani kurejea Tanganyika kuanzia 1925, na katika miaka ya 1930 chama cha Hitler kilikuwa na wafuasi na matawi miongoni mwa walowezi wa Usambara, Oldeani na Nyanda za Juu za Kusini. Kulikuwa na hofu ya kweli kwamba nchi ingerudishwa Ujerumani. Vita vilipoanza Septemba 1939, wanaume wa Kijerumani waliwekwa kizuizini. Baada ya vita jambo hilo likahamia katika vitabu vya historia, na darasani neno likapata umbo lake la kudumu.

Umbo hilo ndilo uamuzi wa kisarufi uliotajwa hapo juu. Nazi ya tunda imo katika ngeli ya I-ZI na mti wake katika ngeli ya U-I: mnazi, minazi. Mtu aliingizwa katika ngeli ya A-WA, pamoja na watu wengine wote: Mnazi, Wanazi. Itikadi ikapata kiambishi u- cha dhana: Unazi. Namna na tabia ikapata ki-: utawala wa Kinazi, salamu ya Kinazi. Wapo waandikao Manazi, wakifuata njia iliyozaa mameneja na makarani. Si kosa, ila umbo hilo hukaribia mno ukubwa wa tunda, na msomaji wa Nyamisati anayeona “manazi” mwanzoni mwa sentensi ana haki ya kufikiria kwanza nazi kubwa kubwa. Wanazi halina utata huo.

Shida ya kutafsiri jina kamili

Kinachowasumbua walimu wa historia zaidi ya Wanazi ni jina refu la chama. “Nationalsozialismus” hutafsiriwaje? Mara kwa mara hutokea pendekezo la “Ujamaa wa Kitaifa”, na kwa mtu anayetafsiri neno kwa neno pendekezo hilo lina mantiki: usoshalisti katika Tanzania uliitwa ujamaa. Lakini ujamaa si neno tupu linalongoja kujazwa. Tangu Azimio la Arusha la 1967 limekuwa jina la siasa mahususi ya nchi mahususi, yenye mawazo ya undugu na usawa wa binadamu ambayo chama cha Hitler kilikuwa kikiyapiga vita.

Katika Rufiji neno hilo ni zito kuliko kwingine. Mto ulifurika mwaka 1968, na serikali ikaanza kuwahamisha watu wa bonde kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, zoezi lililoitwa Operesheni Rufiji. Hiyo ilikuwa miaka kadhaa kabla ya uhamishaji mkubwa wa nchi nzima katikati ya miaka ya 1970. Wazee wa huko wanaposema “wakati wa ujamaa” wanakumbuka kiwanja walichoacha, mashamba ya mpunga yaliyobaki mbali, na pia shule na kisima walichopata. Mwanafunzi wa Ikwiriri akiandikiwa ubaoni kwamba Hitler alikuwa kiongozi wa Ujamaa wa Kitaifa, ataunganisha vitu ambavyo historia haikuviunganisha, na hatakuwa na kosa.

Kwa hiyo ni afadhali kusema “usoshalisti wa kitaifa” pale tafsiri ya jina inapohitajika, na “Unazi” mahali pengine pote. Jina kamili la chama laweza kutolewa mara moja kama Chama cha Kitaifa cha Kisoshalisti cha Wafanyakazi wa Ujerumani, kisha mwandishi aendelee na “chama cha Wanazi”. “Chama cha Nazi”, ambacho huonekana mara nyingi, hakipendezi: kinasikika kama ushirika wa wauza mbata.

Kutoka Berlin hadi uwanjani

Sasa ile maana ya pili. Katika Kiswahili cha Tanzania cha miongo ya karibuni, mnazi ni mtu aliyeshikwa na mapenzi ya kitu kiasi cha kutosikia hoja. “Yeye ni mnazi wa Yanga.” “Huyo mnazi wa Simba, usimuulize kama ile ilikuwa penalti.” Dhana yake ni unazi, nayo imejijengea misemo: kuweka unazi pembeni, kuchambua bila unazi, kuandika kwa unazi. Tangu vyama vingi viliporudishwa 1992, maneno hayo yamehama uwanjani na kuingia siasa bila kubadilika hata herufi: mnazi wa chama tawala, mnazi wa upinzani.

Wapo wanaodai kwamba asili ya matumizi haya ni mti. Mnazi husimama wima, hupigwa na upepo bila kuvunjika, na shabiki wa kweli yuko hivyohivyo. Maelezo hayo yanavutia, na yana ladha ya pwani, lakini sarufi inayakataa. Kiswahili kinapomwita mtu kwa jina la kitu, kwa kawaida kitu hicho huchukua wingi wake wa zamani. Mchezaji hodari ni jembe, na wawili ni majembe. Ni kifaa, na wawili ni vifaa. Watu wanaoibeba taasisi ni mihimili yake, si “wahimili”. Kama shabiki angeitwa mnazi kwa sababu ya mti, mashabiki wawili wangetarajiwa kuwa “minazi ya Yanga”. Hakuna asemaye hivyo. Husemwa wanazi. Tena mti hauna dhana ya “unazi”: hatusemi umwembe wala umkorosho kwa maana ya tabia. Seti nzima ya mnazi, wanazi, unazi imefuata umbo la darasa la historia, na ndiyo maana asili yake yapaswa kutafutwa Ujerumani.

Kilichotokea ni kwamba maana ilimwagwa na kubakishwa tone moja. Katika Unazi wa historia mlikuwamo ubaguzi wa rangi, udikteta, vita na mauaji. Katika unazi wa uwanjani umebaki ushupavu wa kufuata upande mmoja kwa macho yaliyofumbwa. Lugha nyingine zimefanya jambo la namna hiyo. Waingereza nao humtania kwa neno hilohilo mtu anayeshupalia sarufi. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili maana ya utani imekomaa hadi wengi wanaoitumia hawaikumbuki ile ya kwanza.

Jirani zake wanapaswa kutofautishwa naye. Shabiki ni neno la jumla, lisilo na lawama. Mfuasi anaweza kuwa mtulivu. Kada ni mtu aliyeandaliwa na chama na anayetarajiwa kukifanyia kazi. Mkereketwa, kutoka kitenzi kereketa, kile kinachofanywa na pilipili kooni, ni neno ambalo Chama Cha Mapinduzi kililipa heshima kwa kufungua mashina ya wakereketwa. Mtu hujitangaza mkereketwa kwa fahari. Mnazi yuko ngʼambo ya hapo. Mtu aweza kujiita mnazi kwa mzaha, akicheka, lakini akiitwa hivyo na mwingine katikati ya mabishano, maana yake ni kwamba hoja zake hazihesabiwi.

Neno hili laweza kuwa zito

Mfasiri anayedhani kwamba tofauti hizi ni za kujifurahisha na afikirie Kibiti ya miaka ya karibuni. Kati ya 2016 na 2017 watu wasiojulikana waliwaua viongozi wa vijiji na vitongoji na watendaji wa chama tawala katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Kibiti kwa siku moja. Watu waliacha kulala majumbani mwao. Katika mazingira hayo, neno linalotaja upande wa mtu halikuwa neno la kijiweni. Kumwita mwenyekiti wa kitongoji “kada” ni kutaja kazi yake. Kumwita “mnazi wa chama” ni kutoa hukumu juu yake. Na mfasiri atakayeikuta sentensi kama hiyo katika mahojiano, kisha akaandika kwa lugha ya kigeni kwamba marehemu alikuwa “Mnazi” kwa maana ya mfuasi wa Hitler, atakuwa amemtukana mtu aliyekwisha kufa na kuipotosha habari nzima. Tafsiri ya mnazi wa namna hiyo ni shabiki sugu au mfuasi asiyeyumba. Neno la Kijerumani lisirudishwe kamwe katika lugha lilikotoka.

Upande wa pili wa mizani nao una mtu wake. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Kijerumani, naye akaingia jeshini akiwa bado mtoto wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi hilo ndilo lililoirithi mizinga ya “Königsberg” iliyotolewa delta. Mwaka 1929 alihamia Berlin, akidai mishahara ya vita ambayo hakulipwa. Huko alijulikana kama Bayume Mohamed Husen, akafanya kazi ya kuhudumia meza, akaigiza katika filamu, na akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Wanafunzi wake Wajerumani waliyasikia matamshi sahihi ya lugha kutoka kinywani mwake. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Tangu 2007 kuna jiwe dogo la kumbukumbu mbele ya nyumba aliyoishi.

Mwalimu wa Kiswahili aliuawa na Wanazi kwa sababu ya rangi yake. Kisa hicho hakitoshi kuwakataza watu wa Kariakoo kuitana wanazi wa Simba na Yanga, na hakuna kamusi yenye uwezo wa kuwakataza. Kinatosha kumshauri mwandishi wa habari za siasa achague neno jingine anapoandika kwa uzito, na kumshauri mwalimu asiliache neno lipite darasani kwa kicheko bila kusimulia lilikotoka.

Mambo ya kuangalia katika maandishi

Herufi kubwa husaidia. Kama Wajerumani na Wareno, Wanazi wa historia huandikwa kwa herufi kubwa hata katikati ya sentensi, na vivyo hivyo Unazi na Kinazi. Shabiki ni mnazi kwa herufi ndogo, na mti pia. Mtenganisho huu haujashikwa na magazeti yote, lakini unastahili kushikwa.

Wingi hauna shida, kwani minazi na wanazi hayachanganyiki. Mtego uko katika umoja, na ni mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu ngeli ya A-WA na ile ya U-I hufanana mahali pengi. “Mnazi wa” ni wa mtu na wa mti. “Mnazi mkubwa”, “mnazi mzee”, “mnazi mmoja”: vyote hivyo havisemi chochote kuhusu kinachozungumzwa. Ngeli hujulikana kwa kionyeshi (huyu, huu) au kwa kitenzi chenyewe (ameanguka, umeanguka). Mfasiri anayekutana na kichwa cha habari kisicho na kitenzi hana budi kusoma habari yote kwanza. Mashine za kutafsiri hazina subira hiyo.

Majina ya mahali nayo yaachwe kama yalivyo. Minazi Mirefu ya Dar es Salaam na Mnazi Mmoja, ya Dar es Salaam na ya Unguja, ni miti tu, ingawa viwanja vya Mnazi Mmoja vimeshuhudia mikutano ya siasa mingi kuliko vingi vingine vya Afrika Mashariki. Aliyesimama pale mwaka wa uchaguzi akaandika kwamba “Mnazi Mmoja ulijaa watu” amesema habari ya uwanja. Angeandika “mnazi mmoja alijaa jazba”, angekuwa amemtaja mtu wa safu ya mbele.